Kibali cha Kutembea Polepole

Keroka hakuna mtu mzima anayetembea bure. Ukionekana barabarani huna mfuko, huna jerikeni, huna kuku kwapani wala mtoto wa kupeleka zahanati, watu kwanza watakuhurumia, kisha watakushuku. Mtu mwenye akili zake anakwenda kusaga mahindi, anakwenda matangani, anakwenda kumkumbusha mtu deni. "Natembea tu" si jibu. Ni dalili, na watu wataanza kukuuliza ilikuanza lini.

Wahispania hawana taabu hii. Nina rafiki aliyesoma kwao, na kila tukikutana Nairobi hunisimulia Chinchón, mji mdogo karibu na Madrid, wenye uwanja uliozungukwa na roshani za mbao. Jua likipoa, wazee, vijana na watoto wachanga katika vigari hutoka majumbani, wakaenda hadi mwisho wa barabara, wakageuka, wakarudi. Hawanunui kitu. Hawaendi kwa mtu. Chakula cha usiku kwao huliwa saa tatu au saa nne, kwa hiyo hakuna anayewahi ugali. Matembezi hayo wanayaita paseo.

"Na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Awaulize ili iweje?" akasema. Nikajua kwamba huyu amekaa ugenini mno.

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani nimekusudia kuiletea Keroka paseo yake. Roshani za mbao hatuna, lakini tuna kitu ambacho Chinchón haina: mpaka katikati ya mji. Keroka iko kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik, katika baridi ya Masaba. Huku ni Nyaribari Masaba, Kaunti ya Kisii. Kule ni Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira. Nyamira ilimegwa kutoka Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980 ikawa wilaya. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kila upande ukapata gavana wake, bajeti yake na watu wake wa kukata risiti, na soko la Keroka likawa ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba mbili. Viongozi wamevutana juu ya mpaka huo na ushuru wa soko miaka nenda miaka rudi. Kwa mtembezi, hata hivyo, hii ni neema. Unaweza kwenda kwa gavana mwingine na kurudi kwa wako kabla chai haijapoa.

Asubuhi ya kwanza mama aliniona nikifunga kamba za viatu.

"Unaenda wapi?"

"Kutembea, mama."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Kutembea tu."

Akaweka sufuria chini. "Mmekosana na bibi yako?"

Nilimhakikishia kwamba ndoa yangu ni nzima, nikatoka. Nje ya lango nikamkuta mzee jirani ameegemea ua. Kwetu mzee hapitwi. Tukasalimiana, bwakire kwa bwakire, tukapitia afya ya watoto, mvua, bonasi ya majani chai na bei ya mbolea. Ndipo akafika kwenye shauri lenyewe.

"Sasa unaenda wapi?"

"Natembea tu, mogaka."

"Ndiyo. Lakini unatembea kwenda wapi?"

Nikaonyesha kwa mkono kule mbele, bila kutaja kitu. Mzee akafuata kidole changu, akaona mteremko, migomba na kipande cha chai cha mtu fulani, akaitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa ameelewa kwamba natafuta shamba la kununua. Kabla sijafika kwenye lami, habari ilikuwa imenipita njiani. Kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi na simu mbili mkononi alikuwa akiningojea.

"Mkubwa, nasikia unataka ploti. Ninayo moja safi sana."

"Iko kaunti gani?"

Akanikagua kutoka kofia hadi viatu, apate kujua mimi ni mtu wa upande gani. "Ile utakayopenda," akasema.

Nilimkwepa, nikaangukia mikononi mwa bodaboda. Mwendesha bodaboda anaelewa aina mbili tu za binadamu: aliyepanda na ambaye bado hajapanda. Wa kwanza aliniita kwa mia. Nikamwambia natembea. Akashuka hadi hamsini. Nikamwambia si suala la pesa. Hapo akanyamaza kwa heshima, kama desturi inavyotaka mtu akisema mambo ya msiba, kisha akawasha pikipiki akanifuata kando kando kwa mwendo wangu, injini ikikoroma, petroli ikiungua, akisubiri fahamu zinirudie. Wenzake wawili wakajiunga. Watu wa madukani waliposikia mngurumo walitoka kuangalia msafara wa nani unapita. Mtu mmoja akapunga mkono. Nami nikapunga, maana ingekuwa utovu wa adabu kutojibu, na hapo nadhani ndipo uvumi wa kwamba nitagombea kiti ulipozaliwa.

Kilima cha kuelekea sokoni ndicho kilichonivunja moyo. Mama mmoja wa umri wa shangazi yangu alinipita akipanda, mkungu mzima wa matoke kichwani, anaongea kwenye simu. Alinipa pole. Nyuma yake walikuja watoto wa shule, wakanipita mbio, wakafika juu, wakarudi kunitazama, wakapanda tena. Unaweza kudhani ni utundu, lakini ni historia. Mwaka 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Melbourne, Nyandika Maiyoro wa Kisii alikuwa wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1968, Mexico City, Naftali Temu, mwana wa Nyamira, alishinda mita 10,000 na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Sasa wewe jitokeze mbele ya watu hawa, na miguu yako yote miwili ikiwa mizima, useme unakwenda polepole kwa hiari.

Sokoni nilitaraji kutazama tu. Chinchón watu hutazama. Lakini kwa mama wa sokoni kutazama ndiyo hatua ya kwanza ya mkataba. Niliposimama mbele ya ndizi kwa muda wa kuvuta pumzi, mwenye ndizi alikuwa ameshachagua mkungu, ameshaupindua nione uzuri wake, ameshataja bei, ameshaipunguza mwenyewe kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani, na ananiuliza kama nitauchukua na mboga za chinsaga au za rinagu. Nilisema natembea tu. "Basi tembea nao," akajibu, akaniwekea begani.

Na hapo ndipo mji ulipobadilika. Yule yule mtu aliyekuwa akiulizwa habari za ndoa yake, mwenye ploti hewani na msafara wa pikipiki, sasa alikuwa baba wa watu anayepeleka ndizi nyumbani. Hakuna aliyeuliza neno. Bodaboda walinisalimu kwa cheo. Nilisimama katikati ya barabara, nikageuka, nikarudi, nikasimama tena, nikavuka mpaka nikauvuka tena, na wote waliona sawa, maana mtu mwenye mkungu ana haki ya kupumzika popote. Nilikuwa nimegundua sheria ya mji: mzigo ndio kibali. Kutembea polepole kunaruhusiwa, ila lazima uwe na kitu cha kusingizia.

Kasoro ya kibali hiki ni kwamba kina kilo zake, na mkungu uliokatwa hutoa utomvu. Shati langu la likizo, jeupe, liliondoka Keroka na ramani ya hudhurungi mgongoni ambayo sabuni zote za mama zimeshindwa kuifuta.

Tena sikuwa nimefika nyumbani. Wahispania hutembea jioni. Mimi, kwa kujua ninakoishi, nilitoka asubuhi, lakini salamu zilikuwa zimekula asubuhi yote. Milima ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milimani, hupoa, na alasiri hushuka juu ya vichwa vya wenye shughuli na wasio na shughuli bila ubaguzi. Saa tisa ikanikuta na mkungu wangu mbele ya duka la mabati na misumari. Nikajibana barazani pamoja na mwalimu, wachuuzi wa parachichi, mama mwenye vifaranga kwenye kasha, na wale bodaboda watatu.

Tulikaa pale hadi karibu magharibi. Tulimjadili kocha wa Shabana, timu yetu ya soka ambayo mwaka 2023 ilirudi ligi kuu baada ya miaka 17 ya kuililia, na ambayo kila mtu barazani alikuwa na dawa yake. Tulihesabu nani kaoa, nani kahama, bonasi ya nani imekwenda wapi. Vifaranga vilihesabiwa pia. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anakwenda wapi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akienda popote. Ilikuwa paseo kamili, isipokuwa kwa upande wa miguu.

Jumamosi nilipata tumaini jingine. Wamisionari Waadventista walifika kwetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakajenga misheni ya Nyanchwa, na tangu hapo siku hiyo nusu ya Gusii hutoka nyumbani ikiwa imevaa vizuri na kutembea kwa mwendo mpole kabisa. Baba mbele kwa suti, mama na mwavuli, watoto wamepangwa kwa urefu. Hata Chinchón hawajafika hapo. Nilijiunga nyuma ya familia moja, nikiwa na nia ya kutembea nao kidogo kisha nigeuke kwenye kona. Lakini msafara wa Sabato hauna kona. Nilijikuta benchi la pili, wageni wakaombwa wasimame, nikasimama, nikakaribishwa kwa wimbo, kisha Shule ya Sabato ikaanza na mwalimu akaomba mgeni wetu atusaidie na fungu la kukariri. Nilikuwa nimetoka nyumbani bila Biblia. Kibali chao, kumbe, kilikuwa kile kitabu cha kwapani, na mimi nilikuwa nimesafiri bila hati.

Jumatatu nilirudi kwenye utafiti wa mizigo. Nilitaka kitu chepesi, kisichotoa utomvu, chenye sababu ndefu. Jerikeni tupu ni jepesi, lakini linakupeleka mtoni na mto uko bondeni. Barua ni nyepesi zaidi, ila watu watataka kujua imetoka wapi. Nyuma ya jiko la mama nikalipata: jembe lisilo na mpini.

Nakuapia, hakuna mnyama mzuri wa matembezi kama huyu. Unalishika mkononi, kila mtu anaona unatafuta mpini, na mpini wa kweli hautafutwi kwa haraka. Unasimama chini ya mti wowote na kuyatazama matawi yake kwa muda unaotaka. Unageuka njiani bila maelezo. Ukichoka unakaa. Yule mzee wa uani alinisifu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Yule dalali wa ploti alivuka barabara asinisumbue. Nilitembea Keroka nzima, Kisii na Nyamira, mikono nyuma, jembe likining'inia, mpole kama meya wa Chinchón.

Shida ni kwamba watu wetu wana roho nzuri. Karibu na steji fundi seremala mmoja aliniona, akaniita, akanipokonya jembe kwa upendo, akachagua mti, akauchonga, akaupigia kabari, akaujaribu kwenye jiwe. Alikataa malipo. Nilikuwa sasa nimesimama katikati ya mji saa nne ya asubuhi na jembe kamili, jipya, lenye makali, na jembe kamili ni kibali cha jambo moja tu.

"Tata," sauti ya mong'ina mmoja, mama mzee, ikaita kutoka ng'ambo ya ua. "Umekuja kwa wakati. Yule kijana niliyemwita hajatokea."

Nilijaribu kumwambia kwamba mimi natembea tu. Akalitazama jembe, akanitazama mimi, akafungua lango. Tulipokuwa tukiingia shambani nilimuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu zangu, kama hapa ni Kisii au Nyamira. Alisema magugu hayajawahi kuuliza.

Adhuhuri aliniletea chai na ndizi za kuchemsha, akakagua mistari yangu, akaridhika na karibu yote.

"Na kesho," akasema, "ukiwa unatembea tu, pitia hapa tena."