Gunia Nalo Lihudhurie Semina

Kwa Mtendaji Mkuu, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA)
Nakala: Mtendaji Mkuu, Wakala wa Vipimo (WMA)

YAH: MAFUNZO YA KUNYANYUA MIZIGO KWA USALAMA

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kuunga mkono, kwa mikono miwili na kwa mgongo mzima, kila juhudi ya kumfundisha Mtanzania namna ya kunyanyua mzigo. Somo lenyewe linajulikana dunia nzima: sogea karibu, tanua miguu, kunja magoti, nyoosha mgongo, shika vizuri, leta mzigo kifuani, usijipinde kiuno. Mabango yake yanafanana kila nchi. Mtu mmoja ameinama kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, amewekewa alama nyekundu ya kosa. Mwenzake amechuchumaa kwa adabu mbele ya boksi, amewekewa vema ya kijani. Boksi lina pembe nne, halivuji, na uzito wake haukuandikwa popote. Ni boksi zuri sana. Kasoro yake ni moja tu, kwamba sokoni halijafika.

Kinachofika sokoni ni gunia. Gari limeegeshwa, bodi ya nyuma imeshushwa, na ndani mna viazi vilivyojazwa hadi mdomoni mwa gunia, kisha vikapangwa vingine juu na kufungwa kwa wavu wa kamba mpaka gunia likaota kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Haina mshikio. Kuli haiinamii lumbesa, kwa hiyo suala la magoti halimhusu: anageuza mgongo kwenye bodi, anainamisha shingo, wenzake wawili walio juu ya gari wanamtwika, naye anaondoka kwa hatua fupi za harakaharaka, maana kusimama na mzigo ule ni kuchoka zaidi. Anapita kwenye ubao, anakanyaga tope na majani ya kabichi, anatua, anarudi. Mwambie alete mzigo karibu na mwili. Atakujibu kwamba umeshafika shingoni, ukaribu mwingine haupo. Mwambie anyooshe mgongo. Viazi vitamwagika, na dalali atamkata ujira.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu nyinyi na Wakala wa Vipimo ni watu wa hesabu. Kwa Sheria ya Vipimo, mazao ya shambani yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Wakala wa Vipimo huisaka lumbesa kwa sababu inampunja mkulima, na hapo nawapongeza bila kejeli yoyote. Lakini tazameni kilichotokea: serikali ilipokaa kupanga ukomo wa gunia, mkulima alikuwa mdau, mnunuzi alikuwa mdau, mizani ilikuwa mdau, mgongo haukualikwa. Shirika la Kazi Duniani lilishapendekeza mwaka 1967 kwamba pale ambapo mwanamume mtu mzima anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuushusha uzito huo. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, inaanzia kilo 23 katika mazingira mazuri kuliko yote, yaani mzigo uko karibu, una mshikio, na haunyanyuliwi mara kwa mara. Kila sharti linapokosekana, kilo zinapunguzwa. Gunia letu halali, lililopimwa na kupita, lina uzito unaokaribia mara mbili ya ukomo wa 1967. Kuli hahitaji kuvunja sheria ili avunjike; akiifuata tu inatosha.

Na msiniambie kwamba nchi hii haijui kumpimia mpagazi. Kwenye mageti ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa kabla hajapanda, na ukomo ni kilo 20, ukiacha vitu vyake binafsi. Mgeni aliyepakia viatu vingi huambiwa aongeze mpagazi, naye hulipa bila mlima kuporomoka. Kwa hiyo mizani tunayo, ukomo tunaujua, na mamlaka ya kusema "punguza" yapo. Mgongo unaobeba hema la mtalii umepata kinga ambayo unaobeba viazi vyetu haujaipata, ingawa ukikaa pembeni ya meza ya daktari hutaweza kuitofautisha migongo hiyo miwili.

Mtasema ndiyo maana tunafundisha. Basi tuulize kama mafunzo haya, yakiachwa peke yake, yanafanya kazi. Mwaka 1997 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuatilia wafanyakazi wa posta wapatao 4,000 nchini Marekani kwa zaidi ya miaka 5. Sehemu yao walifundishwa kunyanyua vizuri, wengine hawakufundishwa, na majeraha ya mgongo hayakupungua kwa waliofundishwa. Hao walikuwa wanabeba barua na vifurushi. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, nayo hayakupata ushahidi kwamba kufundisha mbinu za kunyanyua kunazuia maumivu ya mgongo. Sababu si kwamba wafanyakazi ni wagumu wa kuelewa. Mwili uliochoka hausomi bango, kasi ya kazi haisubiri mtu achuchumae, na mzigo wenyewe ndio unaoamua mtu akae vipi. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 zimelielewa hilo: mwajiri anatakiwa kwanza aepushe kubeba kwa mikono inapowezekana, pale isipowezekana apime hatari, kisha aipunguze. Sisi tumeanza na mafunzo, tukaishia hapohapo, tukapiga picha ya pamoja.

Nakiri semina ina raha ambayo gunia dogo halina. Kuna mgeni rasmi, kuna fulana, kuna chai na vitafunwa, kuna bahasha. Zaidi ya yote kuna karatasi ya mahudhurio, chombo cha usalama chenye nguvu kuliko vyote, ila kinamlinda aliyeiandaa. Kiuno cha mtu kikikatika, faili linafunguliwa, saini yake inaonekana, inathibitika kwamba alielekezwa kukunja magoti na hakukunja. Kosa limehama kutoka kwenye gunia hadi kwenye goti. Kwa kuwa utaratibu huu unapendwa, napendekeza tuukamilishe: gunia nalo liitwe semina. Likae mstari wa mbele, lifundishwe kutozidi, lipewe cheti, na likizidi tena lichukuliwe hatua za kinidhamu. Angalau hapo tutakuwa tumemfundisha mhusika.

Najua majibu yanayoandaliwa. La kwanza litakuwa kwamba kuli si mwajiriwa, anajitegemea, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtafuta mwajiri. Sawa, kuli anaweza asiwe na mwajiri, lakini gunia lina mwenyewe. Uzito wake huamuliwa shambani na anayefungasha, na mkaguzi wa vipimo anapolisimamisha gari haulizi nani kamwajiri mbebaji, anapima. Jibu la pili litakuwa kwamba wanaume hawa wana nguvu, wamezoea, wanajivunia hata kubeba. Wanaoonekana sokoni ndiyo, kwa sababu ni waliobaki. Aliyeharibika kiuno hayupo sokoni kujibu hojaji, amerudi kijijini, na hakuna daftari lililomwandika alipoondoka.

Hoja ya tatu ni nzito kweli. Kuli hulipwa kwa gunia. Tukishusha ukomo wa gunia hadi kilo 50, safari zinakuwa maradufu, na kwa kuwa vijana wanaotafuta kibarua wamejaa getini, tajiri anaweza kulipa gunia dogo chini ya nusu ya bei ya kubwa. Tutakuwa tumeokoa kiuno tukaua mfuko. Ndiyo maana ukomo mpya peke yake hautoshi: ujira uhesabiwe kwa kilo au kwa tani, jambo ambalo uongozi wa soko unaweza kulibandika ukutani pamoja na ushuru. Gharama ya magunia ya ziada nayo ipo na siifichi; itaingia kwenye bei ya viazi, tutailipa sisi walaji. Kenya ilipotunga kanuni zake za viazi mwaka 2019 iliweka ukomo wa kilo 50, na wafanyabiashara walilalamika kama watakavyolalamika wetu. Hata hivyo kilo 50 bado ni nyingi kwa shingo ya mtu. Faida yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuliburuta hadi kwenye toroli, wakati gunia la kilo 100 linamtaka binadamu ndiye awe toroli.

Kama bajeti ya semina ilishapitishwa na ni aibu kuirudisha Hazina, matumizi yapo. Jukwaa la zege lenye kimo cha bodi ya lori hujengwa mara moja na halidai posho. Gunia linatoka garini hadi ghalani kwa magurudumu bila kupita kwenye uti wa mgongo wa mtu. Mkishalijenga, leteni mkufunzi, na mimi nitakuwa wa kwanza kumshangilia, maana sasa atakuwa na la kufundisha: toroli linasukumwaje kwenye mteremko, wawili wanabebaje kwa hatua moja, mgeni wa kazi aanze na kilo ngapi, na mtu akikataa gunia lililozidi amwite nani. Kuhusu kanuni, naomba mkae na wenzenu wa Vipimo mbadilishe tarakimu tu: penye 100 pasomeke 50, kwa kuacha msimu mmoja wa mavuno ili magunia yaliyokwisha kushonwa yaishe. Mizani wanayo wao. Mnaweza kuiazima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mla viazi