Shangazi Majibu: Kodi Nafuu, Nihamie?

"Shangazi, shikamoo. Naishi Mbagala na mke na mtoto wa miaka miwili. Nimepata kazi Arusha mjini, nasikia vyumba Maji ya Chai ni nafuu. Nihamie? Mpangaji Mwenye Mashaka."

Marahaba, mwanangu. Swali lako limeangukia kwa bingwa. Kuanzia Usa River hadi Kikatiti hakuna aliyenunua kiwanja, aliyeoa wala aliyegombana na fundi bila kupita barazani kwangu. Waliooa bila kuniuliza walikuja baadaye, wakilia.

Tuanze na nguo. Huko Mbagala shuka ni pambo. Hapa Juni na Julai Mlima Meru hauna huruma na mtu wa Pwani. Ukipanda basi pale Mbezi, vaa suruali zote ulizonazo. Utaokoa hela ya mzigo, na baridi itakukuta umejiandaa. Mbinu hii niliibuni mimi. Binamu yangu anadai ni yake, mpuuze.

Mwenye nyumba atataka miezi sita kwa mkupuo. Na kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU: ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikawa 1,500. Nyumba yake, umeme unanunua wewe! Mwambie airudishe kwenye pango. Akigoma, mwimbie. Mimi nilikuwa sauti ya kwanza kwaya ya usharika, na siku niliyoimba peke yangu mchungaji alitokwa machozi. Wenye wivu walisema ni vumbi.

Nilikuwa wapi? Maji. Yetu yana floraidi mara kadhaa ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya ukubwani ya mwanao yanajengeka sasa hivi ndani ya ufizi. Floraidi ikizidi yataota ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyang'arisha. Usidhani utachemsha iishe: maji hupungua, floraidi inabaki sufuriani. Magadi kwenye maharage nayo huiongeza. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichotengeneza chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kaulizie. Mimi meno yangu ni ya kahawia tangu yaote, na bado nilichumbiwa na wanaume wawili siku moja sokoni Tengeru, mmoja akiwa na trekta, ingawa la kuazima...

Mhariri ananikodolea macho, nafasi imekwisha. Mjini ni zaidi ya kilomita 20: hesabu nauli ya Haisi kwenda na kurudi, ongeza bodaboda ya kuingia ndani. Hamia, ila lipa miezi mitatu kwanza, na hela ya maji ya mtoto itangulie kodi kwenye daftari. Tengeru soko ni Jumatano na Jumamosi.

Wewe uliyeuliza kuhusu mkwe anayekoroma, njoo barazani mwenyewe. Njoo na sukari.