Subiri Pumzi ya Kumi

Mwaka 1997 Jon Kabat-Zinn na mkewe Myla walitoa kitabu nchini Marekani wakifundisha kwamba kulea kwa utulivu ni kazi ya rohoni, na kwamba mtoto ni kama mwalimu anayeishi nyumbani kwako. Neno zuri, ila waumini wa malezi hayo wamelipokea kwa bidii ya kutisha. Maziwa yanachuruzika mezani, mtoto kavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na mzazi kafumba macho anahesabu pumzi. Akifika ya kumi anajipongeza kwa kutofoka. Hapo aliyeangaliwa ni nani hasa?

Mtasema afadhali huyo kuliko aliyezama kwenye simu. Kweli kabisa, uso usiojibu humsumbua mtoto. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wawakazie watoto wao wachanga uso mkavu, usiojibu kitu. Vichanga vilitabasamu, vikanyoosha mikono, mwisho vikageuka pembeni. Lakini Tronick huyohuyo alionesha kwamba hata mama na mtoto wanaopatana vizuri huendana takriban asilimia 30 tu ya muda wa mchezo. Muda uliobaki ni kupishana, kukosana na kurudiana, na huko kurudiana ndiko kunakomjenga mtoto. Asilimia 30! Shuleni, hiyo ni alama ya kuitiwa mzazi. Basi huu ucha Mungu wa kutokosea hata mara moja unamnyima mtoto sehemu kubwa ya malezi yenyewe. Naye mtoto wa maziwa bado kasimama, anasubiri macho yafumbuliwe aoneshe kiatu.