Mzee wa Bilioni 255

Wapo waliotajirika kwa biashara, wapo waliotajirika kwa urithi. Mzee mmoja mstaafu wa SACCOS yetu alitajirika kwa namba yake ya simu.

Mfumo wetu wa zamani uliona kila kitu ni tarakimu tu: akiba tarakimu, simu tarakimu, namba ya uanachama tarakimu. Siku moja zikapishana, simu ikaingia penye akiba. Kwa kuwa simu za Tanzania huanza na 255 na kufuatiwa na tarakimu tisa, mzee alilala na laki nane akaamka na bilioni 255 na ushee. Mfumo haukushtuka hata kidogo. Ulimtumia ujumbe wa salio na kumtakia siku njema.

Saa mbili asubuhi alikuwa kaunta, amevaa suti ya harusi. Hakuja kutoa pesa, ni muungwana.

"Kanuni zinasema mwanachama atakopa mara tatu ya akiba yake," alimwambia mweka hazina, ambaye sote tunamwita Shangazi. "Nimekuja kuchukua fomu."

Shangazi akamtazama juu ya miwani. "Fomu zipo, Mzee. Ila mdhamini mmoja itabidi awe Benki Kuu."

Kabla hujatucheka sana, kumbuka kuwa mwaka 1999 NASA walipoteza Mars Climate Orbiter, chombo cha dola milioni 125, kwa ugonjwa huohuo. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa pauni, nyingine ikazipokea kana kwamba ni nyutoni. Iliyopokea haikuuliza tarakimu zile ni za nini. Sisi ilituharibia chai ya asubuhi tu.

Nikaitwa kuuandika mfumo upya, nikakuta vituko vimejaa. Palipokosekana jina, ujumbe ulitoka: "Ndugu null, rejesho lako limechelewa." Mama mmoja alikuja kuuliza huyo Null ni nani, na kwa nini anadaiwa kupitia simu ya mume wake. Aliyeileta null, alama ya "hapa hakuna kitu", duniani ni Tony Hoare, mwaka 1965, na mwaka 2009 mwenyewe aliiita kosa lake la dola bilioni moja. Gharama za kusuluhisha ndoa nadhani hakuzihesabu.

Kituko kikubwa kilikuwa kwenye mikopo. Kila mkopo ulikuwa na visanduku vitano vya ndiyo na hapana: umeombwa, umepitishwa, umekataliwa, umetolewa, umelipwa. Visanduku vitano vinakupa hali 32, wakati chama kinazijua tano tu. Zile 27 zilizobaki zilikuwa zikijitokeza mwisho wa mwezi. Mwanachama mmoja alipata ujumbe wa kusikitika kwamba ombi lake limekataliwa, kisha wa kumpongeza kwa kupitishiwa, kisha wa kumshukuru kwa kumaliza deni. Hakuwa ameona hata shilingi.

Nikachagua F#, lugha ya programu ya kifankisheni iliyozaliwa kwenye maabara ya utafiti ya Microsoft kule Cambridge, Uingereza. Mwaka 2003 Eric Evans aliandika kitabu kizima akiwasihi waandishi wa programu watumie maneno ya wenye kazi yao, na mwaka 2018 Scott Wlaschin akaonyesha jinsi ya kulifanya hilo kwa F#. Unaandika hivi: mkopo ni Umeombwa, au Umepitishwa, au Umekataliwa, au Umetolewa, au Umelipwa. Uliokataliwa unabeba sababu. Uliotolewa unabeba kiasi na tarehe. Mkopo uliokataliwa na kulipwa hauna pa kuandikwa. Akiba nayo ni aina yake na Simu aina yake. Ukijaribu kuweka moja mahali pa nyingine, kompaila, yaani mkaguzi na mtafsiri wa programu, inakataa kabla programu haijamfikia mtu.

Shangazi hajawahi kusoma programu maishani, lakini alisogeza kiti, akaisoma skrini neno kwa neno, kisha akaniuliza: "Viporo umeviweka wapi?"

"Viporo gani, Shangazi?"

"Kamati ikikosa akidi, maombi yanalala. Hivyo ndivyo viporo. Mfumo ule haukuwa navyo, basi nikawa nabonyeza Umekataliwa, kikao kikikaa nabonyeza Umepitishwa."

Kumbe ujumbe wa masikitiko na wa pongezi ulikuwa na chanzo, na chanzo hakikuwa Shangazi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikaongeza neno moja, "au Kiporo", papo hapo kompaila ikaanza kunionyesha kila mahali ambapo sijasema kiporo kifanywe nini: kwenye barua, kwenye ripoti, kwenye ujumbe wa simu.

"Huyo," Shangazi akasema, "angefaa kamati ya usimamizi."

Jambo la pili alilifahamu kuliko mimi. Katika daftari lake hafuti kitu. Akikosea anakata kwa wino mwekundu, anaandika mstari mpya na kutia sahihi. Mfumo wa zamani ulifuta salio na kuweka jingine juu yake, ndiyo maana hatukujua mzee alitajirika saa ngapi. Katika uandishi wa kifankisheni thamani iliyokwisha andikwa haiguswi. Inatengenezwa mpya, ya zamani inabaki pale pale. Wahasibu walikuwa na desturi hiyo kabla kompyuta haijazaliwa.

Sisemi ni dawa ya kila kitu. Umeme ukikatika, fankisheni safi na chafu zinalala pamoja. Na kijana mwenzangu alipojaribu kuieleza kamati habari za monadi, msamiati mgumu wa lugha hizi, mwenyekiti aliuliza kama nazo zinalipwa posho.

Basi ukiagiza mfumo wa chama, duka au zahanati, usianze na rangi za vitufe. Mkalishe fundi kaunta, aandike hatua zote kwa maneno ya pale pale, kisha amuulize mwenye kazi: ni jambo gani halipaswi kutokea kamwe? Hilo lisiwe na pa kuandikwa. Akikujibu kwamba hayo yatakuja awamu ya pili, usimlipe awamu ya kwanza.