Pika kwa Jua, Malizia kwa Makala

Umepewa sanduku la kupikia kwa jua, au uko mbioni kujitengenezea, na barabara nzima ya Bangboka inakutazama. Vizuri. Mgeni anayeshuka kwenye uwanja wetu wa ndege ana kilomita 17 za kwenda kabla hajafika katikati ya Kisangani, na njiani macho yake yanatafuta kitu cha kupiga picha. Kitu hicho utakuwa wewe. Sifa utazipata. Chakula nacho utakila, ila kitaingilia mlango wa nyuma. Nimeishi na sanduku hili misimu miwili ya mvua. Ninayokufundisha hapa hutayasikia kwa mtaalamu, maana mtaalamu hupanda ndege kabla mawingu hayajafika.

1. Tengeneza sanduku kwa mkono wako. La kupewa huja na nembo ya watu. La kujitengenezea huja na jina lako. Tafuta katoni mbili, moja iingie ndani ya nyingine, pembeni ibaki nafasi ya vidole vinne. Jaza nafasi hiyo makapi ya mpunga au magazeti yaliyokunjwakunjwa. Ndani bandika karatasi za fedha. Zile za pakiti za sigara zinafaa, kama una jirani mvutaji na subira ya mwaka mzima. Juu weka kioo. Kioo ni ghali, kwa hiyo teremsha picha ya harusi ukutani ukope cha kwake. Mwambie mama watoto ni kwa wiki moja tu. (Ya kwangu bado iko wazi, na nzi mmoja amejiunga na wasimamizi wa bwana harusi.)

Kazi ya kioo ni hii: mwanga unapita, unagonga sufuria, unageuka joto, na joto likitaka kutoka linakuta mlango umefungwa. Kariri maneno hayo. Ndiyo mtaji wako wote.

Sufuria lazima iwe nyeusi, maana inayong'aa humrudishia jua zawadi yake. Watakushauri ununue rangi. Usinunue. Mwombe mama mkwe ile sufuria yake ya kuni, yenye masizi ya miaka kumi mgongoni. Hakuna rangi inayokunywa jua kama masizi. Ukiulizwa weusi huo umetoka wapi, sifia mwanga wa siku hiyo.

2. Shika majina manne na miaka yake. Mgeni hapimi joto la sanduku, hupima elimu ya mwenye sanduku. Anza na Horace-Bénédict de Saussure, Mswisi, ambaye mwaka 1767 alianza kupanga vioo juu ya vioo, na baadaye joto la ndani ya masanduku yake likapita la maji yanayochemka. Endelea na John Herschel, mtazama nyota wa Uingereza, aliyekuwa Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1830 akapika mayai na nyama ndani ya sanduku lililofukiwa mchangani. Kisha sogea karibu na nyumbani: kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ambako kuanzia 1995 shirika la Solar Cookers International liligawia wakimbizi majiko ya katoni na karatasi ya fedha. Malizia na Kyoto Box ya mwaka 2009, katoni mbili na rangi nyeusi, ambayo Jon Bøhmer, Mnorwe aliyeishi Kenya, alishindia dola 75,000.

Hiyo hesabu ya mwisho itaje polepole. Katoni mbili. Dola 75,000. Majirani watakaa kimya, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayelitupia takataka sanduku lako.

Lakini usiwaambie kwamba Kakuma ni nusu jangwa, mahali ambapo mvua ikinyesha ni habari ya kupigiana simu. Wala usitaje kwamba katika hao wanne hakuna aliyewahi kungojea maharage Bangboka mwezi wa kumi.

3. Weka sanduku mahali pa kuonekana, si mahali pa jua. Ukichukua ramani, sisi ndio wenye jua: Kisangani iko chini ya kilomita 60 kaskazini mwa ikweta, na mwezi wa tatu na wa tisa adhuhuri inakusimamia utosini mpaka kivuli chako kinajificha chini ya viatu. Mtu wa ramani akiona hivyo anapiga makofi. Hajauona msitu. Saa moja asubuhi ukungu umelala barabarani kama blanketi. Saa nne unainuka, saa sita umekuwa wingu jeupe, saa tisa wingu limekuwa jeusi na kuku wanakimbilia barazani. Mvua ya mwaka mzima hapa inapita milimita 1,600. Jua letu ni kama mshahara wa mwalimu: lipo, lakini usilikopee.

Kwa hiyo muda wako ni kuanzia saa nne hadi saa nane, siku ambayo mbingu imekubali. Vitabu vinasema geuza sanduku kila nusu saa lifuate jua. Wewe ligeuze kila anapopita mtu. Kifuniko chenye karatasi ya fedha kielekeze barabarani, kimpige machoni kijana wa toleka na abiria aliyembeba kwenye kikalio cha baiskeli. Atakutukana kidogo, lakini atakapofika mjini atakusimulia.

4. Chagua chakula kisicho na haraka wala heshima kubwa. Mayai ni rafiki yako. Hayahitaji hata maji. Viazi vitamu hulainika vyenyewe kama mtoto aliyeachwa alale. Wali hukubali ukipata saa tatu za jua safi. Maharage uyaloweke usiku kucha, na bado uwe mtu wa imani. Ndizi za lituma zitaiva, lakini kuzitwanga ni kazi ya mikono yako. Jua halishiki mchi.

Fufu usijaribu. Narudia, usijaribu. Fufu inataka maji yanayotokota, mwiko, na mtu mwenye mabega, na ukifungua kioo ili usonge, joto la asubuhi nzima linakwenda zake kwa pumzi moja. Nilijaribu mara moja. Kilichotoka tulikipaka kwenye nyufa za ukuta wa jikoni, na mpaka leo kimeshika vizuri.

5. Sasa, nyuma ya nyumba, washa mbabula, jiko letu la makala (makaa). Ulidhani ninakufundisha kulala njaa? Hapo mbele sufuria moja inakaa kwenye sanduku, na nyuma sufuria pacha inakaa kwenye makala. Lazima zifanane hata kwa majeraha. Mimi niliipiga ya pili jiwe mahali palepale ilipobonyea ya kwanza. Saa sita na nusu, watu wakiwa wamekwenda kula, wewe na kitenge kikubwa mzibadilishe. Kitenge ni kwa ajili ya joto, utasema. Kweli ni kwa ajili ya joto.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni moshi. Makala yaliyokolea hayatoi moshi, yanayowashwa ndiyo yanayotoa, hivyo washa alfajiri wakati mtaa mzima unafuka na moshi wako hauna jina.

La pili ni ukoko. Hili limewaangusha watu wakubwa kuliko wewe. Chakula cha jua hakiungui chini: joto linazunguka sufuria pande zote, taratibu, bila mwali wa kuuma kitako, ndiyo maana hata kukoroga hakuhitajiki. Wali wa jua hauna ukoko kabisa. Wali wa makala unao, wa dhahabu, wenye harufu inayovuka ua wa jirani na kumwita kwa jina lake. Pakua juujuu, kisha funika haraka. Sufuria isikaribie wageni. Na watoto uwape la kufanya mbali.

6. Kuhusu kukausha chakula kwa jua, jitolee kidogo. Shirika linalogawa masanduku litakuletea kichanja cha mbao chenye chandarua na mlango mdogo, kizuri mno kwa vifaranga. Wapangishe vifaranga. Siku ya wageni watoe, futa, uweke vitu vinavyoonekana vimekauka. Samaki wa Wagenia, wavuvi wetu wa mtoni, hawafai, kwa sababu hapa samaki wa mto hukaushwa kwa moshi tangu enzi za mababu, na pua ya mgeni si kipofu. Nunua makayabu, samaki wa chumvi. Imevuka bahari ikiwa na chumvi na ukavu wake. Haikudai jua hata kidogo. Ipange kwa vipande sawa, uigeuze mara moja mbele ya kamera, ukunje uso kama mtu anayeamua jambo.

Ukitaka kuona jua likifanya kazi kweli, toka nje ya geti, ila nenda bila kamera. Mama wa upande wa pili wa barabara ametandaza mihogo yake ukingoni mwa lami, pale lami ilipobaki. Lami ni nyeusi kama sufuria ya mama mkwe; saa sita huwezi kuikanyaga bila viatu. Hana nembo, hana kioo. Ameweka mawe manne pembeni ili malori yamheshimu, na yanamheshimu kuliko yanavyomheshimu askari. Anachukua kipande, anakivunja karibu na sikio. Kikikatika kwa mlio mkavu, kimekauka. Kikipinda kwanza, anakirudisha. Halafu anatazama msitu, si mbingu. Ukijani wa miti ya mbali ukigeuka mweusi, anaita mara moja tu, na watoto saba wanatokea na mabeseni. Mvua inapofika inakuta lami tupu. Mimi wakati huo bado nakunja karatasi ya fedha.

Hapa nakuomba uweke utani kando kidogo, kwa sababu kuna njia ya mkato nisiyokuruhusu. Mihogo michungu ina sumu, na jua la siku mbili haliiondoi. Inaondoka kwa kuloweka siku tatu au zaidi, ndipo uanike. Wanaopunguza siku za kuloweka ili wawahi soko hulipa kwa miguu: huko Kwango, kusini-magharibi mwa nchi yetu, ugonjwa wa konzo hupoozesha miguu ghafla na haiponi; daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Kama una wasiwasi na unga ulionao, uloweshe maji, utandaze mwembamba kwenye mkeka, unene wa sentimita moja, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano, halafu usonge fufu yako jioni ileile. Sumu hupanda hewani. Haigharimu franka hata moja, wala haihitaji sanduku. Basi, turudi kwenye udanganyifu wetu.

7. Pokea wageni. Wavike kofia, uwasimamishe juani dakika kumi kabla ya kufungua. Mtu aliyetoka jasho huamini kila kitu kuhusu jua. Fungua kioo polepole, mvuke uwapige usoni. Sema yale maneno uliyokariri, kuhusu mwanga na mlango uliofungwa. Taja Mswisi. Taja dola. Akikuuliza muda, jibu "saa tatu", bila kusema zilipitia wapi. Pakua, na uwaache wale.

Kwangu mambo yalikwenda hivyo, kwa utaratibu mzuri, mpaka mgeni mkubwa alipoinua kijiko na kusema kwa Kifaransa kwamba hajawahi kula wali laini namna hii. Mfasiri alikuwa bado anatafsiri sifa zangu pale watoto wanne walipotokea nyuma ya nyumba, kila mmoja na kijiko chake, mdogo akiwa mbele.

"Papa, ukoko iko wapi?"

Mfasiri alinyamaza. Mgeni aliuliza ni neno gani hilo. Ikikufikia siku kama hiyo, usitetemeke wala usiwafukuze watoto; mtoto aliyefukuzwa hueleza zaidi. Mimi nilifuta mikono, nikamwambia kwamba ni desturi yetu ya hapa Bangboka, neno la shukrani ambalo watoto hulisema chakula kikiwa mezani. Mgeni aliguswa. Aliweka kijiko chini, akainamisha kichwa, akafumba macho, akatamka kwa uangalifu mkubwa:

"Ukoko."

Na watoto wote wanne, vijiko juu, wakaitikia.