Namna ya Kumtungia Rafiki Wimbo, kwa Njia ya Unyamwezini

Usianze na "wewe ni zaidi ya ndugu". Sifa za namna hiyo mwachie mgombea udiwani. Huku Tabora rafiki wa kudumu hutaniwa, na utani usiouma kidogo haufiki mbali.

Kama wewe ni Mnyamwezi, ubeti wa kwanza mwambie mtani wako Mzaramo kwamba sahani isiyo na nazi haitambui kuwa chakula. Naye mpe nafasi ajibu kwamba babu zako walitembea miezi na mzigo begani wakidhani ni sikukuu, na kwamba michembe yenu inavunja meno.

Ubeti wa pili uwe wa mzigo, maana maneno hayo yalilipiwa. Katika karne ya 19, mpagazi alitoka Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, na frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Akiugua na kufia ugenini, nani amzike? Mtani. Yeye ndiye aliyechimba kaburi la mtu asiye wa kwao, kisha akafanya mzaha ili waliobaki wapate kupumua.

Muziki usiutafute mbali. Mji wa Tabora ulikuwa na bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. "Rangi ya Chungwa" ya Nyanyembe Jazz ni wimbo wa mapenzi, na mapenzi yameimbwa sana. Urafiki unastahili magitaa yale yale. Solo ijibizane na rithimu, na kiitikio kiwe cha kupokezana: kirangozi, kiongozi wa msafara, anatoa sauti mbele, wapagazi wanaitikia nyuma.

Ubeti wa mwisho ni wa msiba, na usiukwepe. Mtani anaingia matangani amevaa koti la marehemu. Anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kama yeye, anaulizia deni ambalo halikuwahi kuwepo. Halafu anashika jeneza: halitoki mpaka alipwe. Wafiwa wanachanga, na mjane, machozi bado mashavuni, anacheka. Andika hayo hayo: koti, kikohozi, kicheko cha mjane. Hakuna wimbo wa mapenzi unaomfikia mtu aliyekubali kuonekana mpuuzi mbele ya watu ili mke wa rafiki yake apate nafuu.

Ukimaliza, mpigie rafiki yako kabla ya mtu mwingine. Akiukosoa mstari kwa mstari, urekodi. Akiusifu, uandike upya.