Chai Ikishika Moshi Humwagwa

Kwetu Muheza chai ikishika moshi ilimwagwa, na dada yangu aliyechochea kuni mbichi alisemwa hadi usiku. Ukubwani nikatoka Glasgow kwa basi, nikapanda feri zaidi ya saa mbili huku tumbo likinipanda kooni, nikashuka kisiwani Islay, Uskoti, ili nilipe pesa ninyweshwe moshi.

Aliyeniponza ni shemeji. Tangu apate kazi ya ofisini hanywi kitu bila kukinusa, hata maji ya bomba. "Shem, wiski hii imefukizwa, halafu ikalazwa kwenye pipa la mvinyo." Ingefukizwa kwa udi ningemwelewa.

Kijana aliyetutembeza kiwandani sina ugomvi naye, alieleza vizuri. Kisiwa hakina miti ya kutosha, basi tangu zamani wenyeji huwasha udongo mweusi wa kinamasi: mimea iliyooza maelfu ya miaka ikashindiliana, ukiikata unapata kama tofali. Kimea cha shayiri cha wiski kilikaushwa kwa moto wake. Hapo sina neno, mtu hupikia alichonacho. Lakini umeme umefika, na bado wanachochea moshi makusudi, tena wanaupima! Kimea cha wiski zao kali hufika sehemu 40 au 50 za fenoli, kemikali ya moshi, kwa milioni. Dada yangu angezaliwa Islay angekuwa meneja.

Glasi zikaja. "Unasikia harufu gani?" kijana akaniuliza. Nikaona hapa ndipo pa kurudisha nauli yangu. Nikamjibu: dispensari. Nilitegemea anune, akapiga meza kwa furaha! Akasimulia jinsi Laphroaig, kiwanda jirani, wanavyosemekana kuiuza wiski yao Marekani kama dawa wakati pombe ilipopigwa marufuku, kati ya 1920 na 1933. Nikaongeza ukali: lami. Akaitikia kwa kichwa. Kamba ya mashua iliyolowa. Akaiandika. Nikamalizia na bendeji ya kidonda, na mzee mmoja wa Kijerumani akageuka kunipongeza kwa kuwa na pua. Shemeji, aliyekuwa amesema "matunda ya porini", hakupongezwa na mtu.

Kilichoniacha hoi ni mapipa. Sheria inataka wiski ya Uskoti ilale ndani ya mwaloni si chini ya miaka 3. Mwaloni mpya? Thubutu! Mtumba. Wamarekani sheria yao inawalazimu kutia bourbon, wiski yao, kwenye pipa jipya, wakishamaliza wanaliuza, na Waskoti wanalipokea. Wengine hufuata mapipa ya mvinyo wa sheri kutoka Hispania. Pipa la wiski tuliyoonja lilitoka Bordeaux, Ufaransa, lilikoshika mvinyo mwekundu mpaka mbao zikalewa. Miaka yote naonewa haya kwa koti langu la mtumba, kumbe ufahari wa nchi nzima umevaa nguo za watu.

Rangi yake, nisidanganye, ilipendeza: wekundu wa rozela iliyotiwa maji mengi. Mdomoni hutangulia utamu wa zabibu, unajiona umekaribishwa vizuri, mara moshi unaingia kwa mlango wa nyuma na viatu vyake vya matope. Kijana akanidondoshea maji kidogo, ukali ukapoa. Funda la tatu lilikuwa, basi tu, zuri. Shemeji sikumwambia.

Nikanunua chupa kwa pauni 80, kwa aibu ya kusifiwa pua. Nyumbani mama watoto akafungua kizibo, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ya kunywa au ya kupaka?"

Kabla sijajibu alishakaa kochini na kukunja gauni. Goti lake, anasema, sasa linapanda ngazi bila kelele, na kila usiku linakunywa kijiko kizima. Mimi nimebakiziwa vidole viwili chini ya chupa, na jana nimesikia akimpigia kaka yake simu, anamuuliza feri inaondoka lini tena.